Kibiti: makazi juu, riziki bondeni

Wengi wetu twaijua Kibiti kupitia dirisha la basi liendalo Lindi na Mtwara. Basi husimama, watu hununua korosho, safari huendelea. Kumbe hapo, kilomita zipatazo 130 kusini mwa Dar es Salaam, abiria yuko mlangoni mwa bonde la Mto Rufiji.

Mto huu hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kisha hugawanyika matawi mengi na kuingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia. Kwenye delta hiyo kuna mikoko ya hekta zipatazo 53,000, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Afrika Mashariki. Boriti zake zilipelekwa Arabuni kwa majahazi tangu zamani. Humo ndimo ilimojificha manowari ya Wajerumani, Königsberg, mpaka Waingereza walipoiangamiza Julai 11, 1915.

Wazee wa Rufiji waliishi bondeni kwa sababu zao. Mafuriko yalileta matope yenye rutuba. Maji yakishapungua, walipanda mahindi na kunde katika unyevu uliobaki, kilimo kiitwacho mlau. Shambani walijenga madungu, yaani vibanda juu ya nguzo, wakilinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Kwao mafuriko ya kadiri yalikuwa mbolea isiyonunuliwa.

Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalibadili mambo. Serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, watu wakahamishiwa nchi ya juu katika vijiji vya ujamaa, ili wawe salama na wapate shule na zahanati. Watu walihama, lakini mashamba hayakuhama. Ardhi ya juu ni ya kichanga. Hustawisha korosho, minazi na mihogo. Mpunga ulibaki bondeni, na mkulima akawa na nyumba huku na shamba kule.

Barabara nayo ilivuta watu. Zamani magari yalisubiri pantoni pale Ndundu; mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa. Biashara ikachangamka, na katikati ya miaka ya 2010 Kibiti ikamegwa kutoka Rufiji na kuwa wilaya. Lakini wilaya hiyo si barabara peke yake. Ina pia watu wa delta, wa Mbwera na Salale, ambao safari zao hungoja maji kujaa.

Leo juu ya mto huo kuna Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Mwaka huo huo mafuriko yalisomba mashamba na kuzamisha nyumba Rufiji na Kibiti. Umeme twauhitaji sote. Hata hivyo, maji yakizidi, mpunga husombwa. Yakipungua mno, matope hayafiki shambani na maji ya chumvi hupanda deltani.

Kwa hiyo kiasi cha maji yanayofunguliwa, na lini, si hesabu ya mafundi tu. Ni habari ya chungu cha mkulima. Haki yake ni kuambiwa mapema, kabla hajatia mbegu ardhini.