Mtoto halali usiku? Usikimbilie chupa

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Ukweli wa msemo huo humfikia mama siku chache baada ya kutoka hospitalini, yapata saa nane za usiku. Wageni waliokuja na unga, sukari na nepi wamekwenda zao. Baba anatakiwa kuwahi matatu alfajiri. Kuta za ploti ni nyembamba na jirani amekwisha kukohoa mara mbili kuonyesha kuwa yu macho. Mtoto naye analia kana kwamba hakunyonya muda mfupi uliopita.

Ni katika saa kama hiyo ambapo mama wengi hukata kauli: "Maziwa yangu hayatoshi. Kesho tununue ya kopo."

Mpendwa msomaji, ikiwa wewe ndiwe mama huyo, au ndiwe baba, au ni mwanafunzi mwenye dada aliyejifungua hapo nyumbani, kuna jambo moja la kuelewa kabla ya lolote lile. Mtoto mchanga kuamka usiku si dalili kwamba maziwa yamekwisha. Mara nyingi hiyo ndiyo njia anayotumia kuyaagiza.

Tumbo dogo, usingizi mfupi

Mtoto aliyezaliwa juzi hulala kati ya saa 14 na 17 katika kila saa 24. Ukisikia hivyo utajiuliza usingizi huo wote huenda wapi! Jibu ni kwamba huja kwa vipande vya saa moja, mbili au tatu. Mtoto hajajua bado kutofautisha mchana na usiku. Hali hiyo huanza kutengenea anapofikisha miezi miwili au mitatu.

Tumbo lake nalo ni dogo, na maziwa ya mama husagika upesi. Kwa hivyo ni kawaida anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Aidha, wengi hunyonya mfululizo kuanzia jioni hadi usiku kuingia, wakiacha kidogo na kurudia. Tena kuna siku, hasa anapokaribia wiki tatu na wiki sita, ambapo hunyonya kupita kiasi kwa siku mbili tatu kisha akatulia. Mama asiyeyajua haya hudhani amekauka.

Mfano wa mama mboga

Mtazame mama mboga wa mtaani kwenu. Siku sukuma wiki inapokwisha mapema, kesho yake huleta mafungu zaidi kutoka sokoni. Ikibaki na kunyauka, hupunguza. Matiti hufanya kazi vivyo hivyo: yanayonyonywa sana hutengeneza mengi, yanayoachwa yamejaa hupunguza.

Kemikali ya mwili inayoagiza maziwa yatengenezwe, iitwayo prolaktini, huwa nyingi zaidi usiku. Ndiyo maana kunyonyesha usiku katika wiki za kwanza ni kama kuweka msingi wa nyumba. Kemikali nyingine, oksitosini, husukuma maziwa yatoke, nayo huweza kucheleweshwa na hofu na maumivu. Mama anapoambiwa atulie, basi, si maneno ya kumfariji tu.

Sasa tuseme mtoto amepewa chupa ya maziwa ya kopo usiku. Pengine atalala kwa muda mrefu kidogo na nyumba nzima itashukuru. Lakini matiti hayakupokea agizo lolote muda huo. Kesho yatapunguza kidogo, na chupa moja itakuwa mbili. Baada ya wiki kadhaa maziwa kweli hayatatosha, na hofu iliyokuwa ya bure itakuwa imejitimizia yenyewe.

Utajuaje ameshiba?

Usipime kwa kilio, wala kwa ukubwa wa matiti, wala kwa kiasi unachoweza kukamua. Pima kwa nepi na kwa mizani. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na choo chake huwa kimeacha weusi wa siku za kwanza na kugeuka manjano. Uzani hupungua kidogo baada ya kuzaliwa, lakini kwa kawaida huwa umerudi anapotimiza wiki mbili. Nenda kliniki apimwe, na uhakikishe yameandikwa katika kile kijitabu cha mama na mtoto.

Angalia pia namna anavyoshika titi. Mdomo wake uwe wazi kabisa, na ushike chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, kidevu kikigusa titi. Akishika ncha ya chuchu peke yake, wewe utaumia na yeye atanyonya kwa muda mrefu bila kupata kitu. Chuchu zikipasuka usivumilie kimya kimya. Mwombe muuguzi wa kliniki akutazame unaponyonyesha.

Hadi atimize miezi sita, mtoto hahitaji maji, glukosi wala dawa za tumbo zinazopendekezwa na majirani. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, na hata katika joto la Mombasa humtosha. Yale ya kwanza ya rangi ya manjano, yaani dang'a, yasimwagwe, kwani yana kinga nyingi dhidi ya maradhi.

Kuokota usingizi vipande vipande

Kama mtoto hawezi kubadilisha ratiba yake, basi nyumba ndiyo ibadilishe yake. Shabaha iwe ni kumlinda mama apate angalau kipande kimoja kirefu cha usingizi.

Mpango mmoja unaowezekana ni huu. Mama ale mapema, amnyonyeshe mtoto yapata saa mbili za usiku, kisha alale mara moja. Baba, shangazi au dada akae na mtoto, ambebe, ambadilishe nepi, na amlete kwa mama anapotaka kunyonya tu. Kuanzia hapo mama ataamka kila mtoto anapohitaji, lakini atakuwa amekwisha kupata akiba. Asubuhi, baada ya kunyonyesha, mtu mwingine amchukue mtoto kwa muda ili mama alale tena. Mwanafunzi aliye likizoni anaweza kuishika zamu hiyo vizuri sana.

Mchana fungua mapazia, zungumza na mtoto, wala usiwanyamazishe watu nyumbani. Usiku taa iwe hafifu, maneno yawe machache, na nepi ibadilishwe bila michezo. Polepole atajifunza kuwa usiku hauna jipya. Hata hivyo, katika wiki mbili za kwanza, kabla uzani wake haujarudi, usimwache alale zaidi ya saa nne mfululizo. Mwamshe anyonye.

Mambo haya si mageni kwetu. Huko Pwani, mzazi hutunzwa siku arubaini, akapikiwa na kukandwa. Katika jamii ya Wakikuyu, mama aliyejifungua hupikiwa njahi. Nia ilikuwa moja: mama awe na kazi moja tu, nayo ni mtoto. Mjini nyanya yuko mbali na shangazi ana kazi zake, lakini haja ni ile ile. Kwa hivyo mgeni anapouliza alete nini, mjibu bila haya: aje afue nepi, au apike.

Kulala kwa usalama

Uchovu una hatari zake. Mtoto alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila mto wala blanketi zito karibu na uso, na ndani ya neti palipo na mbu. Alale chumba kimoja na mama. Usikubali kusinzia naye kwenye kochi, maana anaweza kubanwa pumzi. Aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa za kulevya usingizi asilale naye kitanda kimoja, wala mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzani mdogo asilazwe humo.

Kadhalika, baridi ya Julai isikudanganye ukafunga madirisha na kuweka jiko la makaa ndani. Moshi wake usioonekana umeua watu wakiwa usingizini.

Likizo ikiisha

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo na mshahara kamili, na baba wiki mbili. Baba, wiki hizo si za kumalizia shughuli za mashambani. Zitumie kwa zamu ya usiku.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge mahali safi pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na ampe mama muda usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Uliza kazini kwako kabla hujaenda likizo.

Anza kujizoeza kukamua wiki mbili hivi kabla ya kurudi kazini. Maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi hukaa saa 4 mahali penye ubaridi ndani ya nyumba, na siku 4 kwenye friji. Mfunze yaya kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, kwa kuwa ni rahisi kukiosha kikatakata kuliko chupa.

Na mama anayefanya kibarua, asiye na likizo wala friji? Kwake yeye usiku ndio mwokozi. Akinyonyesha kabla ya kutoka, mara anaporudi, na kila mtoto anapoamka usiku, atasaidia maziwa yake yasikatike.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2003 ulionyesha kuwa ni watoto 13 tu katika kila 100 walio chini ya miezi sita waliokuwa wakipewa maziwa ya mama pekee. Kufikia 2014 walikuwa 61. Hatua hiyo kubwa ilipigwa na akina mama wa kawaida. Lakini utafiti wa 2022 ulipata 60, kumaanisha hatujasonga. Huenda kilichobaki si kumhubiria mama zaidi, bali ni kumpunguzia mzigo.

Usisubiri asubuhi

Mpeleke mtoto hospitalini bila kuchelewa akikataa kunyonya, akilala kiasi cha kushindwa kuamshwa, akiwa na joto jingi mwilini, akipumua kwa shida, nepi zikiwa kavu, au viganja na nyayo zikigeuka manjano. Mama naye amwone daktari akipata homa na titi likavimba na kuwa jekundu. Vilevile, huzuni inayozidi wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, ni ugonjwa unaotibika. Si uvivu wala laana.

Wapo watoto ambao daktari hupima na kuona wanahitaji kuongezewa maziwa mengine. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni pale mama anapofikishwa kwenye kopo kwa kukosa tu mtu wa kumshikia mtoto alale kidogo.

Basi leo jioni, kabla taa hazijazimwa, ketini pamoja mwamue ni nani atakayeshika zamu ya kwanza.