Mabehewa ya Ghorofa: Viti Huongezeka, Milango Je?

Wakazi wanaosafiri wakiwa wamesimama kwenye treni ya asubuhi kutoka Ruiru kwenda Nairobi huenda wakajiuliza: mbona mabehewa yasiwe ya ghorofa?

Toronto, nchini Kanada, imeyatumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Behewa moja hubeba takribani abiria 160 walioketi, bila kurefusha treni wala jukwaa. Urefu wake kwenda juu, hata hivyo, unakaribia mita 5, kwa hivyo madaraja ya juu ya reli lazima yaruhusu.

Japani ilikutana na tatizo jingine. Mwaka 1992, JR East ilileta treni ya ghorofa aina ya 215. Kila behewa lilikuwa na milango miwili kila upande, ilhali mabehewa mengi ya kawaida ya Tokyo yana minne. Abiria walisongamana ngazini na treni ikakawia stesheni. Iliondolewa mwaka 2021.

Kwenye njia ya Ruiru, abiria hupanda na kushuka Kahawa, Githurai, Dandora na Makadara. Hapo milango ni muhimu kuliko viti, na mama aliyebeba mtoto hahitaji ngazi. Jukwaa likitosha, kuongeza behewa la kawaida ni nafuu zaidi.