Kiwanja cha Sanje: Ugawe, ujenge au uuze?

LAMI imebadili hesabu za wenye viwanja katika Bonde la Kilombero. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa kilomita 66.9, ilianza kujengwa kwa lami mwaka 2017. Sanje iko kando ya barabara hiyo, kati ya viwanda vya sukari vya Kidatu na Mang'ula, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Dalali akibisha hodi, mwenye kiwanja hujiuliza: nigawe, nijenge au niuze?

Kabla ya kutaja bei, shika futi kamba upime.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Tuchukue mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 40, yaani mita za mraba 800, ambacho mbele yake iko mita 22 kutoka katikati ya barabara. Mita nane za mbele ziko ndani ya hifadhi. Hizo ni mita za mraba 160, sehemu moja ya tano ya kiwanja, na ndizo ambazo kila mtu anataka kujenga fremu za maduka. Kwa wenye viwanja karibu na mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Ukigawa

Zimebaki mita 20 kwa 32. Ukizigawa mbele na nyuma, kipande cha nyuma kinahitaji njia. Njia ya mita tatu itakula mita za mraba 48 za kipande cha mbele, na bila njia hiyo unauza ugomvi. Muone ofisa ardhi kwanza akueleze kama vipande vinakidhi vipimo vya mipango miji au vya kijiji.

Ukijenga

Tuseme vyumba vitatu vya kupangisha vinagharimu Sh milioni 9, na kila kimoja kinalipa Sh 30,000 kwa mwezi. Usihesabu miezi 12. Wapangaji wengi wa ukanda huu hufuata msimu wa miwa, na masika kiwanda kinaposimama vyumba hubaki wazi. Kwa miezi 10 utapata Sh 900,000; ukitoa Sh 100,000 za ukarabati, fedha yako itarudi baada ya miaka 11 na zaidi. Kwa fedha ya mkopo, riba inaweza kumeza kodi yote.

Ukiuza

Kuuza si dhambi, ila bei hulipwa mara moja. Jiulize fedha hiyo inakwenda kuzalisha nini. Ikienda kwenye shamba la mpunga au miwa lenye nyaraka safi, umehamisha mtaji. Ikienda kwenye pikipiki na harusi, umekula mtaji.

Kama kiwanja kiko kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji ihusishwe. Makubaliano ya mezani na dalali hayatoshi. Kama ndipo ilipo nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wako. Ipo pia kodi ya faida ya mauzo, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, kukiwa na misamaha. Tunza stakabadhi za ulichonunua na ulichojenga, kwani ndizo zinazopunguza faida inayotozwa.

Kwa mwenye kiwanja kama cha mfano wetu, asiye na mkopo wala dharura, njia yenye hatari ndogo ni kupimiwa na kupata hati kwanza, kisha kuuza kipande kimoja na kujengea fedha hiyo kile kinachobaki, chumba baada ya chumba. Aliye na deni la riba kubwa auze mapema kwa hiari, kabla mkopeshaji hajamuuzia kwa bei ya mnada.

Wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilipitiwa na programu ya kuwezesha umilikishaji wa ardhi, na wengi walipata hati za kimila. Mwenye hati huzungumza bei akiwa amekaa. Asiye nayo hupangiwa na mnunuzi.