Marudio ni ya Nani? Welewa wa Biashara kwa Mwanasheria wa Kampuni katika Uchimbaji Mdogo wa Dhahabu, Rwamgasa

Makala hii inafafanua dhana ya welewa wa biashara kama sifa ya mwanasheria wa kampuni, kwa kurejelea uchimbaji mdogo wa dhahabu katika kata ya Rwamgasa, Wilaya ya Geita. Dhana hii imezoeleka zaidi London, ambako makampuni ya uwakili huwapima kwayo wahitimu wanaoomba nafasi za mafunzo: je, mwombaji anafahamu mteja wake anapataje fedha, na ni kitu gani kinaweza kuzipoteza? Ni rahisi kudhani kwamba sifa hiyo hupatikana kwa kusoma kurasa za uchumi na kufuatilia bei za hisa. Hoja inayotetewa hapa ni tofauti. Mwanasheria hupata welewa wa biashara kwa kuifuata mali tangu inapotoka hadi inapogeuka fedha, akibaini katika kila hatua nani anaishika na nani anabeba hasara.

Rwamgasa, ambayo pia huandikwa Lwamgasa, ni mahali panapofaa kwa zoezi hilo kwa kuwa safari ya mali ni fupi na wahusika ni wengi. Yupo mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, ambaye aghalabu hachimbi. Yupo mwenye duara, anayegharimia magogo, chakula na pampu ya maji, na wapo wachimbaji wanaolipwa kwa mgao badala ya mshahara. Mawe hupelekwa kwenye karasha kusagwa, kisha unga huoshwa mwaloni na dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Tangu Machi 2019, lilipofunguliwa soko la madini la Geita, mauzo halali yana mahali pake pa wazi.

Tatizo la kisheria hujificha katika mabaki ya uoshaji, yaani marudio. Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu iliyomo katika mawe, na mara nyingi sehemu hiyo haifiki nusu. Inayosalia hutolewa baadaye kwa sayanaidi katika matangi ya uchenjuaji na kunaswa kwenye kaboni. Katika maeneo mengi ya ukanda huu, mwenye karasha hubaki na marudio kama sehemu ya malipo yake ya kusaga. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba mawe yana gramu 100 na uoshaji umetoa 40, mkataba unaogawa “dhahabu iliyopatikana” umezigawa gramu 40 na kunyamaza kuhusu 60. Ukimya huo hauonekani kwa mwanasheria aliyejifunza mikataba vitabuni peke yake. Kila kifungu kipo mahali pake, pande zote zimesaini, na zaidi ya nusu ya mali imeondoka bila kutajwa. Aliyewahi kusimama mwaloni angeanza kuandika kutoka upande wa pili: marudio ni ya nani, yatahifadhiwa wapi, na nani atapima dhahabu iliyomo kabla hayajabebwa? Swali hili halitadumu katika umbo hilohilo. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limejenga Lwamgasa kituo cha mfano cha uchenjuaji kisichotegemea zebaki. Dhahabu inapotoka kwa wingi katika uchenjuaji wa kwanza, thamani ya marudio hushuka, na aliyekuwa akilipwa kwa marudio atadai malipo mengine. Mkataba wa miaka kadhaa usiotarajia badiliko hilo una mgogoro ndani yake tangu siku ya kusainiwa.

Mrabaha nao una hesabu yake. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na sheria za mwaka huohuo zikaongeza ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ikiwa gramu 100 zimeuzwa na mwenye leseni ana mgao wa asilimia 30, makato ya gramu 7 yakitolewa kabla ya mgao humwachia gramu 27.9. Yakitolewa katika fungu lake pekee humwachia 23, yaani amepoteza karibu robo ya fungu. Maneno mawili ndiyo yanayoamua, “kabla” na “baada”.

Sheria ya makampuni huingia pale mwekezaji wa nje anapofika na fedha za mitambo. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Madini ya mwaka 2010 kinaifungia leseni ya uchimbaji mdogo kwa raia wa Tanzania. Kampuni inayoomba lazima wanahisa na wakurugenzi wake wote wawe raia. Kielelezo cha kawaida cha mkataba wa kununua hisa, ambacho ofisi nyingi za uwakili huwa nacho tayari, hapa ni hatari: kukitumia ni kuondoa sifa iliyoipa kampuni leseni, na bila leseni hisa zilizonunuliwa hazina cha kuthaminiwa. Twiga Minerals, kampuni iliyotokana na makubaliano ya Serikali na Barrick, ambamo Serikali ina asilimia 16, haiwezi kuwa mfano wa kuigwa Rwamgasa, japo wanafunzi huisoma zaidi.

Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika sekta ya madini zimeelekeza huduma za kisheria kwa mawakili wa Kitanzania, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Soko la kazi hiyo, kwa hiyo, limekwisha kulindwa. Kinachokosekana ni msamiati ndani ya mikataba yenyewe. Duara, mwalo, karasha na marudio ni maneno yenye maana ya kifedha inayofahamika kwa kila aliye machimboni, lakini ni nadra kupewa fasili katika vifungu vya tafsiri. Mwenye leseni na mwenye karasha wanapofika mbele ya hakimu, kila mmoja huja na maana yake ya “marudio”, na hati iliyo mezani haimsaidii yeyote kati yao.