Istilahi ya "Nywila" na Hatari Yake kwa Mwandishi Mgeni katika Jukwaa la Steemit

Steemit, jukwaa la uandishi lililoanzishwa mwaka 2016 juu ya teknolojia ya blokucheni, humkabidhi mwandishi mgeni nywila kuu inayozalisha funguo nne: wa kuchapishia na kupigia kura maandishi, wa kuhamishia fedha, wa kusimbia ujumbe, na wa umiliki, uwezao kubadilisha zile nyingine. Makala haya yanaeleza kwamba istilahi "nywila" humpotosha mgeni. Katika huduma za kawaida, nywila iliyosahauliwa hubadilishwa. Hapa, ikipotea, hakuna awezaye kuirejesha, na fedha zilizomo hazifikiki tena. Kwa hiyo, mgeni aihifadhi nje ya mtandao kwanza, kisha kila siku atumie ufunguo wa kuchapishia pekee. Mwongozo wa Kiswahili uanze na onyo hilo, si ahadi ya mapato.