Sifongo ya Metali na Kazi Yake ya Kuhamisha Joto

1. Jina na kitu

Kwa mwenye kusubu metali, tundu ni dosari. Hata hivyo, viko vifaa vya metali ambavyo thamani yake yote imo katika matundu. Mara nyingi vitu hivyo huitwa povu la metali. Jina hilo lina kasoro: viputo vya povu hufungika kila kimoja peke yake, wala maji hayapiti kati yake. Kifaa cha kuhamisha joto chahitaji matundu yaliyounganika, ili maji au hewa ipenye toka upande mmoja hadi wa pili. Kwa hiyo neno sifongo lafaa zaidi, maana lataja sharti kuu la utengenezaji wake.

2. Utengenezaji

Njia iliyo rahisi hutumia chumvi ya kawaida. Chembe zake hushindiliwa katika kalibu na kupashwa moto mpaka zishikamane. Kisha alumini iliyoyeyuka husukumwa kwa nguvu ya gesi, ikajaza nafasi zilizobaki. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi na chumvi kwenye nyuzi 801, hivyo chumvi hubaki imara. Metali ikisha kuganda, kipande hutiwa majini, na maji huiondoa chumvi. Palipokuwa na chembe huwa tundu. Chembe zisipogusana, chumvi hufungiwa ndani na baadaye huila metali.

Shaba, ambayo Katanga huitoa kwa wingi, hupitisha joto vizuri kuliko alumini, lakini haikubali njia hiyo: huyeyuka kwenye nyuzi 1085, wakati chumvi imekwisha kuwa majimaji. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walieleza njia nyingine. Unga wa shaba huchanganywa na chembe za kaboneti ya potasiamu, hukandamizwa, kisha huchomwa kwenye nyuzi 850 hivi. Shaba haiyeyuki, chembe za unga hushikana tu. Kaboneti nayo, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 891, huondolewa baadaye kwa maji ya moto.

3. Mpito wa joto

Joto hutoka katika bamba la moto, hupita katika kuta nyembamba za sifongo, likapokewa na maji yapitayo. Matundu yakiwa madogo, uso unaogusana na maji huongezeka, lakini maji hupita kwa shida na pampu hudai nguvu zaidi. Matundu yakizidi wingi, metali hupungua na joto hukosa njia. Basi fundi hatafuti wingi wa matundu, bali kadiri yake. Tena hana budi kuilehemu sifongo kwenye bamba. Ikiwekwa juu tu, hewa iliyobaki kati yake huzuia joto, na kazi yote ya tanuri hupotea bure.