Kijana Asiyechaguliwa: Safari ya Mlinzi wa Safu ya Mbele Katika Futiboli ya Kimarekani

Wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mzee mmoja mvuvi wa Kirumba akiwa na simu ya mwanawe mkononi. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na ujumbe wa mtu aliyejiita wakala. Mtu huyo aliandika kwamba ameziona picha za kijana, kwamba umbo kama lile ni la mlinzi wa safu ya mbele katika futiboli ya Kimarekani, na kwamba nafasi ya majaribio ipo, ila itapasa kulipia kwanza. Kijana mwenyewe ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, asubuhi hubeba magunia ya dagaa pale Mwaloni na jioni hucheza mpira wa kikapu. Mzee ana mtumbwi mmoja na mashine moja. Alituuliza swali fupi: "Ndugu zangu, niuze mashine?"

Tulimwomba atupe muda, kwa kuwa swali lake lilistahili jibu lililochunguzwa. Yafuatayo ndiyo tuliyomwandalia, na tumeona tuwashirikishe wasomaji wetu pia, maana tunajua nyumba ambazo ujumbe wa namna hiyo umekwisha kufika.

Kwanza mchezo wenyewe. Futiboli ya Kimarekani haina uhusiano mkubwa na soka tunayoitazama CCM Kirumba au Nyamagana. Ndugu yake wa karibu ni raga. Mpira ni wa umbo la yai, timu moja hushambulia na nyingine hulinda, na katikati yao huwekwa mstari ambao hakuna aruhusiwaye kuuvuka kabla mpira haujaanza kutembea. Mlinzi wa safu ya mbele huinama hapo, vidole vikigusa nyasi, mbele yake akiwa na mtu wa kilo 140 ambaye kazi yake ni kumzuia asipite. Mpira ukitikisika tu, miili hiyo miwili hugongana. Akifanikiwa kupenya, humkimbilia mrushaji wa mpira na kumwangusha kabla hajauachia. Kisha wote huinuka, hurudi kwenye mstari, na kugongana tena. Hufanya hivyo mara kadhaa wa kadhaa katika mechi moja, na hilo msomaji aliweke akilini, kwani tutalirejea.

Wachezaji huingia katika ligi kuu, iitwayo NFL, kwa mlango unaoitwa drafti. (Lisichanganywe na bao la drafti linalochezwa vijiweni kwetu, ingawa nalo lina watu wanaoliwa na watu wanaopata kuwa wafalme.) Watanzania waliupata utaratibu huo mwaka 2009, pale Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili katika drafti ya mpira wa kikapu na kwenda Memphis Grizzlies. Katika futiboli, kila mwezi wa Aprili klabu 32 hukaa na kuchagua kwa zamu, raundi 7, wachezaji 250 na ushei. Karibu wote hutoka katika timu za vyuo vikuu, ambako wamekwisha kutazamwa kwa miaka kadhaa.

Wasiotajwa jina hawafungiwi mlango kabisa. Klabu huweza kuwaita na kuwapa mkataba, lakini ni mkataba mwepesi ambao unaweza kuvunjwa siku yoyote kwa gharama ndogo. Wachezaji 90 huanza kambi ya kiangazi. Msimu unapofunguliwa, 53 tu ndio hubaki kikosini. Wachache zaidi huwekwa katika kikosi cha mazoezi, wakilipwa kwa wiki, mshahara ulio chini sana ya wenzao, wakingoja mtu aumie ili wao wapande.

Wapo waliopita katika tundu hilo la sindano wakafika mbali. Anayetajwa zaidi ni John Randle, mzaliwa wa Texas, ambaye mwaka 1990 hakuchaguliwa na klabu hata moja kwa kuwa alionekana mdogo mno kwa nafasi ya katikati ya safu ya ulinzi. Husimuliwa kwamba alipokwenda kupimwa uzito na Minnesota Vikings alificha mnyororo ndani ya nguo ili mizani isimwangushe. Alicheza misimu 14, akawaangusha warushaji mara 137 na nusu (nusu hutolewa pale walinzi wawili wanapogawana mtu), na mwaka 2010 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo. Habari kama hii ndiyo mawakala hupenda kuisimulia. Ni ya kweli. Ila ni ya Randle.

Tuje kwa watu wa ziwa letu, ambao habari zao zinatufaa zaidi.

Wa kwanza ni Mathias Kiwanuka. Alizaliwa mwaka 1983 mjini Indianapolis, Marekani, kwa wazazi kutoka Uganda. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, mtu wa Masaka, upande wa magharibi wa ziwa, aliyeiongoza serikali ya Uganda kabla tu ya uhuru, kisha akawa Jaji Mkuu, hadi alipokamatwa na askari wa Idi Amin mwaka 1972 na kuuawa. Mjukuu huyo alisoma Boston College, akacheza safu ya mbele ya ulinzi, na mwaka 2006 New York Giants wakamchagua wa 32, yaani wa mwisho katika raundi ya kwanza.

Wa pili ni Daniel Adongo. Alizaliwa Nairobi, lakini jina lake hakuna mtu wa Rorya au Kisumu atakayeuliza limetoka wapi. Alikuwa mchezaji wa raga, akafanya kazi hiyo Afrika Kusini na New Zealand. Mwaka 2013 Indianapolis Colts wakamsaini, mtu wa karibu mita 2 na kilo zaidi ya 115, mwenye mbio zisizolingana na uzito huo. Hakuwa amewahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani katika maisha yake. Wakampanga mlinzi wa pembeni, yule asimamaye ukingoni mwa safu ya mbele na kumwinda mrushaji kutoka ubavuni. Alianza katika kikosi cha mazoezi, na Desemba ya mwaka huo huo akapandishwa na kuingia uwanjani, Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Tuliokuwa tukifuatilia habari za michezo wakati ule tunakumbuka jinsi Afrika Mashariki ilivyofurahi.

Sasa tazameni tofauti ya njia zao. Kiwanuka alivunjika mguu Novemba 2007, akaikosa fainali ambayo wenzake waliishinda miezi michache baadaye. Klabu ilimngoja. Mwaka 2010 akaumia diski ya shingo, jeraha ambalo kwa mlinzi wa safu ya mbele linatisha kuliko mguu, na msimu wake ukaishia hapo. Klabu ikamngoja tena, ikampa mkataba mwingine, na Februari 2012 akacheza na kushinda fainali, iliyochezwa, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, mjini Indianapolis alikozaliwa. Aliachwa na Giants mwaka 2015, baada ya miaka tisa.

Adongo naye aliumia. Alikuwa bado anajifunza kanuni ambazo wenzake walizinyonya tangu utotoni, na kila wiki aliyokaa nje ilikuwa wiki ya darasa iliyompotea. Alicheza mechi chache katika misimu miwili. Mwaka 2015, mwaka ule ule wa Kiwanuka, Colts wakaachana naye.

Hatusemi Colts walimdhulumu. Walimpa nafasi ambayo hakuna mwingine aliyempa. Wala hatusemi kijana yule hakuwa na kipaji. Tunachosema ni kwamba klabu iliyotumia chaguo la raundi ya kwanza kwa mtu imeweka mtaji, nayo hungoja mtaji wake urudi. Aliyeokotwa nje ya drafti hana mtaji wa mtu mwingine nyuma yake. Akiumia, wapo kumi mlangoni. Kuchaguliwa, kwa hakika, ni kununuliwa subira, na asiyechaguliwa huishi bila subira hiyo tangu siku ya kwanza. Maisha ya mchezaji katika ligi ile huhesabiwa kuwa miaka mitatu na kitu kwa wastani, na haki ya pensheni huanza kwa mwenye misimu mitatu iliyohesabiwa. Mzazi afanye hesabu mwenyewe.

Mshahara, hata hivyo, si wa kudharauliwa, na tungekuwa wanafiki kama tungeuficha. Kiwango cha chini cha mchezaji mpya aliyekuwa kikosini kwa msimu mzima wa 2013 kilikuwa dola 405,000. Kwa fedha hizo mtu angeweza kununua mashine za mitumbwi ya Kirumba yote na chenji ikabaki. Lakini mshahara huo hulipwa wiki kwa wiki ya msimu, kwa aliyemo. Anayetolewa wiki ya nne amelipwa wiki nne.

Yupo pia Muislamu mwenzetu ambaye habari yake inaingia hapa, ingawa yeye hakuwa wa safu ya mbele bali beki wa nyuma. Husain Abdullah hakuchaguliwa katika drafti ya 2008. Minnesota Vikings, klabu ile ile ya Randle, wakamchukua hivyo hivyo. Alifunga Ramadhani ndani ya kambi za mazoezi za kiangazi, saa ambazo makocha huwasihi wachezaji wanywe maji. Mwaka 2012 aliuacha msimu mzima, yeye na kaka yake Hamza, wakaenda Hija. Kwa mtu asiyechaguliwa, kuondoka mwaka mmoja ni kukitoa kiti chake. Alirudi 2013 katika klabu ya Kansas City Chiefs. Tarehe 29 Septemba 2014 aliunasa mpira wa Tom Brady, mrushaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, akasujudu. Mwamuzi akaiadhibu timu yake yadi 15 kwa utovu wa nidhamu. Kesho yake ligi ikatangaza kwamba adhabu ile haikustahili, kwa kuwa mchezaji anayekwenda chini kwa ajili ya ibada haadhibiwi.

Kisa hicho wengi wanakijua. Kisichosimuliwa sana ni mwisho wake. Mwaka 2016, akiwa na miaka 30 tu na bado anaweza kucheza, Abdullah alistaafu. Alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo mara tano, na aliona akili yake ni amana asiyoweza kuendelea kuihatarisha.

Hapa ndipo turejee kwenye ile migongano ya mstari wa mbele. Mwaka 2002, katika mji wa Pittsburgh, daktari Mnigeria aitwaye Bennet Omalu aliufanyia uchunguzi ubongo wa marehemu Mike Webster, aliyekuwa mchezaji wa safu ya mbele kwa miaka mingi na ambaye mwisho wake ulikuwa wa kusahau na kuhangaika. Omalu akakuta madoa ya ugonjwa unaotokana na kichwa kupigwa tena na tena, akachapisha matokeo yake mwaka 2005. Ligi ilimpinga vikali kabla ya kuja kukiri miaka mingi baadaye. Jambo la kuzingatia ni kwamba si lazima mchezaji azimie. Vipigo vidogo vya kila mchezo, vile ambavyo hata mtazamaji havioni, hujumlika, na hakuna anayevipata kwa wingi kama watu wa safu ya mbele.

Hayo yote tulimweleza mzee wa Kirumba, tukiwa tumeketi upenuni kwake, kijana naye akiwepo. Tukamalizia na lile lililomhusu moja kwa moja: wakala wa kweli wa mchezaji wa ligi ile huidhinishwa na chama cha wachezaji, naye hulipwa sehemu isiyozidi asilimia 3 ya mshahara, baada ya mchezaji kulipwa. Anayedai fedha kabla ya mkataba si wakala wa mlango huo. Milango ya kweli inayofika kwetu hujulikana. Mwaka 2023 ligi yenyewe iliweka kambi Nairobi kuwatazama vijana wa Afrika, ikiongozwa na Osi Umenyiora, ambaye alicheza safu moja ya ulinzi na Kiwanuka katika Giants.

Kijana alikuwa amenyamaza muda wote. Alitusalimia kwa adabu tulipofika, kisha akakaa akitazama mikono yake, mikubwa kweli kweli. Hatimaye akasema yeye si mtoto, na kwamba hakumwomba baba auze kitu. Alichotaka ni kujaribiwa mara moja na watu wanaojua, ili wakimkataa akatae mwenyewe pia. Tulimwona ana haki.

Mzee aliuliza: "Huyo Kiwanuka alipovunjika mguu, nani alimtibu?" Tukamjibu, klabu yake. "Na huyu wangu akivunjika kwenye hayo majaribio ya kulipia?"

Hakungoja tujibu. Aliichukua simu, akaufuta ujumbe ule, akamrudishia mwanawe. Akamwambia ikitangazwa kambi nyingine Nairobi, amletee tangazo lenyewe asomewe. "Nauli ya basi mpaka huko kupitia Sirari hiyo naiweza," alisema. "Mashine siuzi." Kisha akaomba radhi, kwani jua lilikuwa linazama na mtumbwi ulikuwa bado haujatiwa mafuta.